Foto za Ornella na Zile za Enzi Zetu

Sisi tuliokulia Kadutu, huku Bukavu, foto haikuwa kitu cha kila siku. Mutoto aliweza kumaliza shule ya musingi akiwa na foto mbili tu: ya ubatizo, ambamo analia, na ya komunyo ya kwanza, ambamo amekatazwa kucheka. Leo binti yangu Ornella, wa miaka kumi na sita, anajipiga foto akisugua meno. Ni yeye aliyenikumbusha haya yote, kwa hiyo nitafika kwake, munivumilie kidogo.

Nakumbuka siku ya komunyo yangu. Mupiga foto alikuwa anatungojea nyuma ya parokia, ametundika kitambaa kilichochorwa maua, ndege, na nyumba ya ghorofa ambayo hakuna mutu wa Bukavu aliyewahi kuipanda. Asubuhi ile maman alitupaka mafuta mpaka paji la uso likang'aa kama sufuria mupya. Viatu vyangu vilikuwa vya mutoto wa jirani, vilinibana mpaka nikatembea kama bata. Saa ya mukono ilikuwa ya tonton, kaka ya maman, ikazunguka kwenye mukono wangu ikaangalia chini. Na radio ya papa ilibebwa kichwani kutoka nyumbani, imefungwa ndani ya pagne, kitenge cha maman, ili nami niwekewe mukono juu yake. Haikuwa na mawe (betri) hata moja, lakini kwenye foto radio haisikilizwi.

Maman alikuwa na neno lake: "Foto inaenda kwa bantu. Hapana tuonekane kama bantu banakosa." Na kweli ilienda kwa watu. Moja ilipelekwa kijijini Nyangezi kwa bibi, moja ikatumwa Kinshasa kwa kaka mukubwa wa papa. Wao wakiiangalia, walijua nyumba iko nzima na watoto wanakula. Kama wiki hiyo tulikula majani ya lengalenga matupu kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi, hiyo ilikuwa siri yetu.

Baada ya foto tulikula wali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, tukagawana Fanta moja sisi watoto watatu, kila mutu akichunga kidole cha mwenzake kilichopima fungu lake kwenye chupa. Kisha viatu vilirudi kwa wenyewe na sisi tukarudi kwenye mitelemuko yetu. Mvua ikinyesha, tulikalia mashina ya migomba na kushuka nayo matopeni. Mupira wetu wa sachet, mifuko ya plastiki, ukiponyoka Kadutu, tulikwenda kuutafuta karibu na ziwa. Watoto wa leo ukiwatuma chumvi dukani wanauliza kama hakuna moto (pikipiki). Haya, tuwaache.

Ornella ni murefu. Amenipita mimi, na kabla yangu alimupita mama yake. Mutaani walianza kumuita Poteau, nguzo ya umeme, naye akajifunza kutembea amejikunja, mabega yameingia mbele. Enzi zetu musichana murefu alikuwa na kazi moja shuleni, kufuta ubao sehemu ya juu, basi. Sasa siku moja Ornella alikuja na simu yake. Maman mumoja wa mutaa wa Nyawera, mushonaji wa mitindo, alikuwa anatayarisha defile, yaani wasichana watembee mbele ya watu wamevaa nguo zake. Alitafuta warefu. Watume foto kabla ya Jumapili jioni, na ruhusa ya wazazi.

Mama Ornella alijibu hata kabla ya kumaliza kusikiliza. "Kazi gani hiyo ya kutembea? Sisi bote tunatembea, nani anatulipa?" Nyuma ya maneno hayo kulikuwa woga, na mimi nilikuwa nao pia. Mutoto wa kike, watu wasiojulikana, foto zinazotembea kwenye simu za watu. Nikaenda Nyawera mwenyewe. Nikamukuta mwanamuke wa umri wetu, amezungukwa na vipande vya kitambaa na wajukuu, akaniambia wazazi wa wasichana watakaa mustari wa mbele. Nikarudi nikamuelezea mke wangu. Akasema, "Foto, sawa. Ingine tutaona."

Basi foto nikaichukua iwe kazi yangu. Nani angenifundisha? Nilivuta katikati ya salon, sebule yetu, kile kiti kizuri, fotei yenye kitambaa cha dantela, nikapanga maua ya plastiki pembeni, nikawasha televisheni nyuma, nikafungua mulango wa jikoni kidogo ili frigo ionekane. Ornella akavaa kitenge cha wax cha mama yake na hereni za shangazi, rasta zake mpya, za kusuka na nywele za dukani, zikashuka mpaka kiunoni. Mama yake alikuwa amezisuka Jumamosi ile tangu asubuhi. Ornella alijaribu kusema kitu, nikamuambia atulie, papa anajua. Tukatuma.

Jibu la maman wa Nyawera likaja upesi: "Papa, salon yenu iko muzuri sana. Sasa munitumie foto ya mutoto."

Nilicheka peke yangu. Ornella alikuwa ananiangalia kwa ile subira watoto wanayo kwa wazazi waliozeeka. Akanieleza upya kile alichotaka kunieleza tangu mwanzo: ukuta mweupe mutupu, tricot (fulana) nyeusi, bila hereni, bila rangi mudomoni, bila rasta, nywele zake mwenyewe zimefungwa nyuma. Mimi sikuelewa kabisa. Foto isiyo na kitu ndani yake inamuambia mutu nini?

Mama yake aliposikia akakataa wazi. "Nguo nyeusi, bila hereni, kichwa kitupu? Huyo iko mu kilio. Miye niko muzima, papa yake iko muzima. Mutoto wangu hataonekana kama yatima." Na hakukosea. Kwetu mwanamuke anavua mapambo na kufumua nywele akiwa amefiwa. Ukimutuma mutoto hivyo kwa watu, unamuitia nini?

Jumapili tulitoka misa tukarudi nyumbani. Ornella akachukua kigoda, akaenda kukaa barazani nyuma ya nyumba, akaanza kufumua rasta peke yake kwa mukia wa kitana. Ukijua rasta ndogo anazosuka mama Ornella, unajua kwamba mikono miwili haiwezi kuzimaliza kabla ya jioni. Alikuwa amejikunja, magoti yamefika kwenye kidevu. Mama yake akatokea mulangoni na sahani, akamuona.

"Nyoosha mugongo," akasema. Alikuwa anamuambia hivyo kila siku.

"Nikinyoosha, maman, nitafika wapi?" Ornella hakugeuka. "Bantu bote banasema nimepita kipimo. Ule maman wa Nyawera peke yake ndiye anatafuta bantu ba kipimo yangu."

Mama Ornella akaweka sahani chini, akavuta kigoda kingine, akakaa nyuma ya binti yake. "Anza upande ule," akasema. "Miye nashika huku." Wakafumua. Wakaongea habari za jirani, za bei ya samaki, za chochote, isipokuwa defile.

Walipozimaliza, mvua ya muchana ilikuwa imepita na mwanga ulikuwa safi. Ornella akasimama mbele ya ukuta wetu mweupe unaoangalia ziwa. Nikainua simu. Sikuwa na kitu cha kupanga, hakuna ua la kusogeza, hakuna frigo. Kulikuwa tu uso wake, na alama ndogo kwenye nyusi tangu alipoanguka njia ya shule. Alikuwa amenyooka wima. Nilisikia uchungu na furaha pamoja, ni vigumu kueleza, kwa sababu nilikuwa nimeishi naye miaka yote ile na sikuwa nimemuangalia hivyo. Mama yake akachungulia simu, akasema, "Tuma."

Alichukuliwa. Defile itafanyika likizo kubwa, na mama yake anauliza atavaa nini yeye, sisi tukikaa mustari wa mbele.

Wenzangu, enzi zetu zilikuwa tamu, sitamuruhusu mutoto yeyote kuniambia vingine. Tulijua kungoja, tulijua kugawana. Lakini juzi Ornella aliniuliza alirithi wapi urefu huu. Nikamuambia, kwa bibi yako, maman yangu, alikuwa mwanamuke murefu kuliko wote wa mutaa. Akataka kumuona. Nikatoa foto zote tulizo nazo. Katika kila foto maman ameketi, kwa maana siku zile mwanamuke wa heshima aliketishwa, asionekane kumupita bwana yake. Ornella akauliza, sasa kichwa chake kilifika wapi? Nikasimama, nikainua mukono juu hewani nimuonyeshe, na sikujua niusimamishe wapi.