Gari Jeusi la Nzabandora

Nilikuwa mkaushaji wa kahawa katika shamba la Bwana Michel, huko juu milimani Masisi, na kambini ukuta wangu na wa Nzabandora ulikuwa mmoja. Kwa hiyo haya si umbea. Mengine niliyaona, mengine niliyasikia kupitia ukuta, nipende nisipende.

Nzabandora alikuwa mwosha gari. Miaka kumi na minne gari lile lile, jeusi, la tangu kabla ya vita, limechoka kama yeye mwenyewe. Wala usidhani kuosha gari ni maji na kitambaa tu. Barabara ya Sake ilikuwa vumbi la mawe meusi, miti ilidondosha utomvu, na mwishoni mwa mwaka 1951 mlima wa moto ulipoanza kutapika, majivu yalitunyeshea hata tukayala kwenye maharagwe. Ukiyafuta majivu yale yakiwa makavu, umeikwaruza rangi. Bwana mwenyewe hakulijua hilo. Nzabandora alilijua.

Kwanza alimwaga maji polepole, bila kugusa. Utomvu aliulainisha kwa mawese. Kisha alivalisha vidole ile karatasi nyororo inayofunika pakiti ya sigara, akapapasa bati lote, maana ukipapasa kwa karatasi ile, chembe ndogo kabisa husikika kama changarawe. Palipokwaruza, alipitisha tonge la udongo mweupe, ule ambao wanawake wetu hupaka nyumba, umechujwa mara tatu na kuloweshwa maji ya sabuni, mpaka chembe ing'oke.

Wageni walisifu ufundi wake. Ukweli ni kwamba macho yalikuwa yamekwisha. Ukungu ulianza jicho la kulia, ukahamia la kushoto, akabaki anaona mwanga na vivuli tu. Kambi nzima tulijua na tulinyamaza, kwa sababu kwenye shamba lile asiye na kazi hakuwa na nyumba.

Kisha Bwana Michel akaenda likizo Ulaya. Kabla ya kuondoka alitukusanya, akasema akirudi atapunguza watu. Nzabandora akapiga moyo konde: gari ndilo litakalomtetea. Miezi mitatu akajifungia nalo bandani asubuhi hadi jioni. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia mle ila mkewe, Mukandori, aliyempelekea chakula. Jioni alirudi mgongo umepinda, vidole vimechubuka. Nilimhurumia, na kusema kweli aliniudhi pia.

"Papa Nzabandora, pumuzika hata siku moja," nilimwambia.

"Nitapumuzika namna gani? Bado inakwaruza."

Siku moja akarudi anacheka. Kwenye kifuniko cha injini amepata mahali laini kuliko pote, alisema, kama shavu la mutoto. Tangu hapo kila siku alianzia hapo, akapapanua kidogo kidogo. Ilikuwa furaha yake ya pekee, nasi tulifurahi naye.

Bwana Michel aliporudi, tulisukuma gari nje juani, tukasimama kulizunguka. Nzabandora akaushika mkono wa Bwana, jambo ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kulifanya, akauweka juu ya kifuniko.

"Gusa hapa, Bwana. Iko mulaini. Hakuna hata chembe ya muchanga."

Tukaona sote. Rangi haikuwapo. Mahali pa ukubwa wa ungo palikuwa bati tupu, linang'aa jeupe kwenye jua. Alikuwa ameisugua rangi mpaka ikaisha, na vidole vyake vikamwambia hapo ndipo pasafi kuliko pote.

Bwana Michel alitoa mkono wake, akaupunga mbele ya uso wa mzee. Macho hayakutikisika.

"Nzabandora, hapa iko rangi gani?"

"Nyeusi, Bwana."

Hakugomba. Ningependa angegomba, tungepata wa kumchukia vizuri. Alisema tu kwamba mwisho wa mwezi nyumba itahitajika, akaingia ndani.

Jioni nikawasikia ukutani.

"Mama Emérita," alisema mzee, kwa jina la binti yao wa kwanza, "ulikuwa unaniletea chakula kila siku. Ile bati uliiona?"

"Niliiona."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ulikuwa unacheka, Papa Emérita. Ni miaka ngapi sijakuona unacheka?"

"Na sasa tutalala wapi?"

"Tangu nilipoona ile bati, nalima kule kwa kaka yangu. Maharagi imeisha kuota."

Nilisikia mzee analia, kilio cha mtu aliyechoka, kisicho na nguvu hata ya kupanda. Kilipokwisha, akamuuliza mkewe kwa shemeji ni mwendo wa saa ngapi, na kama njiani atamshika mkono.