Hapa London Hakuna Nyoka

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, tukiishi ghorofa ya tatu kule Thamesmead, mama alishika mimba ambayo nyumba nzima iliisubiri kwa kubana pumzi. Baada yangu zilikuwa zimetoka mbili, nazo kwetu hazikutajwa. Safari hii Bibi, mama yake mama, alipiga simu kutoka kijijini kwetu Usangi kila Jumapili, na kila Jumapili alikuwa na mwiko mpya. Mama asile mayai. Mama asisimame mlangoni. Ule nilioushika kuliko yote ulimhusu baba.

"Mkwe wangu," Bibi alisema, simu ikiwa mezani ili sote tusikie, "mpaka mkeo ajifungue, usiue nyoka. Mwenye mke mjamzito akiua nyoka, mtoto hafiki."

Baba alicheka, lakini kwa adabu. "Mama, huku nyoka nitamtoa wapi? Huku kuna baridi tu."

Baba alikuwa akisukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini. Mwenzake wa zamu, Mwingereza mtu mzima, ndiye aliyemwambia kwamba nchi hii ina nyoka wa sumu, ndugu mdogo wa kifutu, na kwamba baridi ikianza kupungua watu hufunga safari kwenda kumtazama akitoka shimoni kuota jua. Mama hakuambiwa. Niliambiwa mimi.

"Wanamtafuta nyoka kwa hiari yao, Rehema! Twende tukaone."

Jumamosi moja yenye jua tulipanda treni hadi Kent. Porini tulikuta watu watano au sita wenye kamera, kimya kama waumini. Mama mmoja mwenye mvi alituonyesha kwa kidole. Sikumwona mara moja. Kisha nikamwona, na sikuweza tena kutazama kwingine. Alikuwa wa rangi ya majivu, mchirizi mweusi ukipinda na kupinduka mgongoni mwake, macho mekundu. Baba alisimama muda mrefu. Sikuwahi kumwona akitazama kitu hivyo.

"Mzuri, eh?" alininong'oneza. "Kwetu ningekuwa nimeshatimua mbio."

Wale watu wakaondoka mmoja mmoja. Simu ya baba ikalia, akageuka pembeni kuongea. Alikuwa mama, akiuliza tutarudi saa ngapi. Nami nikaokota kijiti. Nilitaka tu nyoka asogee, nione anavyotembea. Nilimgusa mara moja, hakusogea. Mara ya pili alijikunja na kutoa sauti kama ya sufuria inayochemka, nami kwa kurudi nyuma nikajikwaa, nikaanguka, kiganja changu kikatua karibu naye.

Sikumbuki baba alisema nini. Nakumbuka buti lake. Alikanyaga mara tatu, na alipomaliza simu ilikuwa bado mkononi mwake, mama akiita ndani yake, "Haloo? Baba Rehema? Haloo?"

Alimfunika nyoka kwa majani makavu, taratibu, kama anayemfunika mtu. Kisha akanifuta mikono kwa leso yake.

"Usimwambie mama," alisema.

Wiki tatu baadaye mama alijifungua mtoto wa kiume, mzima wa viungo, nywele tele, bila pumzi. Walimpa jina la Yusufu na kumzika. Mimi sikupelekwa makaburini. Nilibaki kwa jirani, nikitazama katuni nisizozisikia.

Bibi alipiga simu. Alilia kwanza, akaomba dua, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Hakuna aliyeua kitu?"

"Hapana, mama," mama alijibu. "Hapa London hakuna nyoka."

Baba aliinuka akaenda jikoni. Nilisikia bomba likifunguliwa, maji yakatiririka muda mrefu, wala hakuna chombo kilichooshwa.

Tangu hapo hakuna mwiko wa Bibi alioucheka. Hata buibui alimtoa nje kwa kikombe. Nami nikawa mtoto mtiifu kupita kiasi, walimu wakanisifu, na hakuna aliyeniuliza sababu.

Baba alifariki mwaka jana, kwa moyo. Baada ya arobaini, mama na mimi tulikaa kitandani kwake tukikunja nguo zake, na hapo ndipo nilipomwambia kwamba baba aliua nyoka.

Mama hakushtuka. "Baba yako alishaniambia," alisema. "Hata juma halikupita tangu tumzike Yusufu. Nikamwambia, daktari amesema kondo la nyuma lilijitenga, nyoka hahusiki. Akaitikia tu. Hakuamini."

"Alikwambia kwa nini alimuua?"

"Alisema ni woga wake wa kijinga. Kwamba wewe ulikuwa mbali, unacheza."

"Mama, sikuwa mbali. Ni mimi niliyemchokoza. Nilianguka karibu naye."

Alishika shati la baba bila kulikunja. "Maskini," alisema mwishowe, na sikujua alimaanisha nani kati yetu. Kisha akanivuta kifuani, mimi mtu mzima wa miaka ishirini na minane, akanilaza pale mpaka nikanyamaza.

Siamini kwamba nyoka yule alimchukua ndugu yangu. Barua ya daktari nimeisoma mwenyewe. Lakini baba aliamini, na mara nyingi najiuliza kama, mguu wake ulipoinuka, maneno ya Bibi yalimjia. Naogopa kwamba yalimjia, na bado akakanyaga.

Mimi na baba tuliishi nyumba moja miaka mingi, tukila meza moja, kila mmoja akidhani ni yeye aliyemuua Yusufu, na kila mmoja akinyamaza ili mwenzake asiumie. Neno moja, kwamba ni mimi niliyemchokoza nyoka, lingetosha kumpunguzia mzigo. Nililikawiza mpaka hakukuwa tena na wa kuliambia.