Makofi Mawili Ubavuni

Gatini walimwita Breki, kwa sababu kila pikapu iliporudi kinyumenyume na trela mpaka majini, yeye ndiye aliyesukumia jiwe nyuma ya gurudumu. Mkewe alisema jina limempata mwenyewe: asubuhi kumtoa kitandani kunahitaji winchi ya kuvutia boti.

Lakini siku hizi kilichopiga breki ni goti. Alilificha miezi minne, maana Tajiri, mwenye boti, alishasema hataki mgonjwa kwenye ule mteremko wa zege. Aliyejua ni binti wa Breki tu, dereva wa pikapu, na binti alifyata mdomo.

Wawili hao hawakuwa watu wa kupigiana kelele. Breki akishanasa kulabu kwenye pua ya boti na kuukaza mkanda kwa winchi, hupiga ubavu wa boti makofi mawili. Binti akisikia, anaondoa gari.

Alasiri hiyo walikuwa kwenye boti ya tano. Maji kiunoni, mgongo unawaka, Breki aliielekeza boti juu ya rola za trela. Kulabu ikiwa bado mkononi, goti likamsaliti. Akajitupa ubavuni mwa boti kwa kiganja, pa! Akateleza, akashika tena, pa!

Pikapu ikaondoka.

Trela ilipopanda, boti ikarudi nyuma taratibu, ikashuka kwenye zege kwa mkwaruzo uliowasimamisha hata waosha boti. Binti akakanyaga breki, akashuka mbio.

Tajiri alikuja bila haraka. Akainama, akapapasa rangi iliyobanduka, kisha akauliza ni nani aliyekosea. Binti akaanza kusema ni yeye, aliharakisha.

"Nyamaza, mama," Breki alisema. "Si yeye, Tajiri. Goti limekufa siku nyingi. Niliegemea, akadhani nimempa ishara."

Tajiri alimtazama mguuni, akatazama boti. Alionekana kuchoka kama wao.

"Ya goti tutaongea kesho, mzee. Sasa hivi boti ipande."

Binti hakungoja kuambiwa. Alichukua kulabu mkononi mwa baba yake, akampa ufunguo, akaingia majini na viatu vyake. Breki alijikokota hadi kwenye usukani, akarudisha trela, akakaa akitazama mbele. Nyuma winchi ililia kwa muda mrefu, ikanyamaza.

Akashusha kioo, akasubiri kusikia makofi mawili.