Nilivyoficha tundu za bati langu, nusura nikose patent

Wakuu, salamu kutoka Kisumu. Haya yamenikuta mwenyewe na sijatia chumvi.

Mimi ni fundi wa mabati pale Kibuye. Nimeunda kikaushio cha omena, wale dagaa wa ziwani, kinachotumia magunzi ya mahindi, maana mvua ikinyesha akina mama wanaoanika nje wanapata hasara.

Siri yake ni bati lililo juu ya moto. Tundu za katikati ni ndogo, za pembeni kubwa, joto lienee sawa. Hizo tundu zilinila miaka mitatu.

Nikaamua kuomba patent, yaani hataza ya kulinda ubunifu wangu, kabla sijaigwa. Sasa si mnatujua mafundi wa jua kali? Hata tukimfundisha mtu kazi, hatua moja tunabaki nayo. Kwenye maelezo nikaandika tu "bati lenye tundu". Nikajiona mjanja kweli.

Wakili wangu, mama mmoja mpole, akasoma.

"Bwana fundi, mwenzako akipewa hii anaweza tengeneza?"

Nikajibu ndiyo, macho makavu.

"Haya, tujaribu."

Shemeji yangu ni fundi wa kuchomelea kule Kisian. Wakili akamsainisha karatasi ya kutunza siri, akampa maelezo yangu. Mimi nikakatazwa kufungua mdomo.

Siku ya kuwasha kikaushio alichojenga, chenye tundu zote sawa, omena za katikati ziliungua, za pembeni zikabaki mbichi.

"Omera, ndugu yangu, mimi nimefuata karatasi yako," shemeji akaniambia. "Hii kitu ni ya kukausha ama ya kuharibu?"

Niliona aibu, wakuu.

Wakili akanieleza kwamba patent ni mapatano: unafundisha watu namna ya kutengeneza, serikali inakulinda kwa muda. Fundi wa kawaida akishindwa kwa maelezo yako, ombi linakataliwa. Tena ukishawasilisha, huwezi kurudi kuchomeka ulichoficha.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa namsumbua awasilishe haraka!

Nikaandika upya, vipimo vya kila tundu. Shemeji akajenga tena, omena zote zikatoka kavu, zinavunjika mkononi. Nilishusha pumzi mpaka nikacheka peke yangu.

Juzi tumewasilisha. Lile bati nililokuwa nafunika na gunia kila mgeni akija, leo liko wazi mezani, na roho yangu imetulia.

Nilichojifunza: ukitaka kulindwa, sema yote.

Mafundi wa humu, nyinyi mnaficha hatua gani? Msiniambie mimi. Mwambieni wakili wenu.