Dirishani Le, Mlangoni La

Siku yangu ya kwanza darasani, katika shule ya mtaa wa Bel-Air, mjini, chaki ilinivunjikia mkononi kabla sijaandika neno hata moja. Nilikuwa mwalimu wa Kifaransa, na Kifaransa chenyewe kilinitisha. Kila jina la kitu ni la kiume au la kike: kitabu ni cha kiume, kinavaa le, meza ni ya kike, inavaa la. Msiniulize kwa nini. Mimi mwenyewe nimeuliza mpaka nimezeeka.

Direkta wetu, mkuu wa shule, mtu asiyecheka ovyo, aliniita pembeni. "Madame, usifundishe batoto jina iko uchi. Itoke na nguo yake, kila siku."

Nikabuni njia. Nikitaja jina, mwanafunzi anayedhani ni la kiume anakwenda dirishani. Anayedhani ni la kike, mlangoni.

Mwaka haujaisha, Direkta akaniambia Inspekta anakuja. Nikishindwa mbele yake, nahamishiwa Mitwaba, mbali sana na mji. Mama yangu alikuwa amepooza, safari asingeiweza, na nyumbani tulikuwa wawili tu. Nani angemgeuza kitandani?

Inspekta alikaa nyuma, akataja neno mwenyewe: "Usine." Kiwanda. Neno la kike, lakini kwa kuwa linaanza na irabu, nguo yake haionekani: l'usine. Karibu darasa zima likaenda dirishani. Nikaiona barabara ya Mitwaba.

"Juu ya nini munaenda kule?" akauliza sababu.

Msichana mmoja, ambaye baba yake alifanya kazi kiwandani, akajibu, "Papa anatumikaka mule. Iko ya banaume."

Inspekta akanigeukia. "Na wewe, Madame, juu ya nini unabatembeza?"

Nikamjibu. "Mwenye kuogopa kusema, anajibu na miguu. Akikosa, anarudia. Hapa hakuna mwenye kuchekwa."

Inspekta akawatazama watoto waliosimama dirishani.

"Bamekosa," akasema. "Lakini sijaona hata mumoja mwenye kubakia ku kiti. Endelea, Madame."

Nilibaki Bel-Air mpaka nikastaafu. Hata leo, nikizungumza Kifaransa na daktari, moyo hunidunda kabla ya kila jina. Vijana hunicheka, huniuliza hizo le na la zilinipa faida gani. Ndizo zilizonibakiza mjini, karibu na mama. Siku mama alipokata roho, kichwa chake kilikuwa mapajani pangu, na macho yake nikayafumba mimi.