Nepi za Jabali

Kwenye tamthilia ya runinga walimwita Jabali, mume wa kubamiza milango na kufoka hata akiombwa chumvi. Siku hiyo mkewe wa kwenye tamthilia alikuwa mgonjwa, na Jabali alitakiwa afue nepi za mtoto.

"Zishike kwa ncha za vidole, huku umekunja uso," mwongozaji alimwelekeza. "Watu wacheke. Dume zima na beseni, wapi na wapi?"

Kamera ikawashwa. Jabali akachuchumaa, na mikono yake haikungoja maelekezo. Ilipaka sabuni, ikafikicha mpaka povu likafika viwikoni, ikasuuza, ikakamua, ikakung'uta.

"Kata. Unafua kama mwanamke, bwana."

"Ninafua kama baba yangu," alisema Jabali. "Alikuwa dobi. Mama alipofariki, nepi zangu alizifua yeye. Waliomcheka, walimcheka wakiwa wamevaa mashati aliyoyafua yeye."

"Hayo ni ya kwenu. Mashabiki wanataka mwanamume. Hebu jikaze kiume."

Jabali akachovya nepi ya pili kwenye beseni.

"Mimi najikaza kisabuni," alisema. "Washa kamera."