Shangazi Sabina, kaimu wa kila kitu

Wiki ya pili sasa na akili yangu bado inakataa. Leo asubuhi nimemmiminia Shangazi Sabina chai, nikaifunika na kisahani, ndipo nikakumbuka tumeshamzika.

Wengi wenu mnajua mimi siongei. Hata huku huwa napita tu na kuweka like. Leo nisomeni hadi mwisho, please.

Shangazi alitoka Kibondo na begi moja kuja chuo cha ualimu hapa Kasulu. Alikuja kushika nafasi ya sekretari aliyekwenda likizo ya uzazi. Miezi mitatu tu! Sekretari hakurudi, Shangazi hakuondoka. Mtoto wa ile likizo sasa ni mkubwa kuliko mimi.

Akakaimu masjala. Akakaimu umatroni. Akawa acting registrar mpaka neno acting likachakaa mlangoni.

Mwenyekiti wa mtaa wetu alipohama, wazee wakaja nyumbani: "Mama, tushikie kidogo." Akashika mpaka siku aliyoanguka.

Wanachuo walimwita Kaimu wa Taifa. Yeye anacheka: "Endeleeni tu, transcript zenu ninazo mimi."

Nakumbuka registration moja, kijana wa Titye kafika analia, vyeti kasahau ndani ya basi. Shangazi akamkalisha kwenye kiti chake. "Yewe kijana, kaa hapo uwe msajili, mimi nalifukuza basi." Akapanda bodaboda na viatu vyake vya ofisini. Na vyeti vikarudi!

Na kesi za mtaa, mbuzi kula mahindi ya jirani! Anawagombeza mwenye mbuzi na mwenye mahindi wote wawili kwa Kiha, kisha muhtasari anauandika kwa Kiswahili cha serikali kama vile hakuna aliyetukanwa.

Watu wanapost kwamba alijitolea. Ni kweli. Ila mimi nimeishi naye.

Alitaka kusoma sheria. Barua ya chuo kikuu ilikuja mara mbili, na mara zote mbili bosi wake alimwambia, "Dada, tumalize ukaguzi kwanza."

Siku moja alikuwa anapiga pasi sketi, akasema bila kuniangalia, "Mwanangu, mimi nilitekwa kwa kuombwa vizuri."

Wodini, siku zake za mwisho, alinishika mkono. "Wakikwambia subiri kidogo, sema hapana. Usitikise kichwa. Sema."

Nikatikisa kichwa.

Sasa confession yangu. Siku ya kuanua matanga Baba Mdogo alisimama mbele ya watu: "Huyu atabaki na Bibi, ashike na daftari la kikundi cha kina mama alilokuwa nalo marehemu. Form five ataenda mwakani, tukishapanga mambo." Watu wakapiga makofi. Wote wakanigeukia.

Nikasema, "Sawa, Baba."

Sawa! Joining instructions zangu ziko kwenye begi la Baba Mdogo. Siku za kuripoti zimebaki nne, zikipita nafasi anapewa mwingine. Nafagia uwanja ule ule wa Shangazi, nafungua geti lile lile, kina mama wananiita "kaimu wetu" kwa upendo kabisa, na mimi naitika.

Baba Mdogo, najua unasoma hapa. Mdomo wangu ulishindwa, kwa hiyo naandika mbele ya watu, kama wewe ulivyosema mbele ya watu. Hapana. Bibi nampenda, tukae tupange nani atabaki naye. Ila Jumatatu naondoka. Naomba karatasi zangu. Nisamehe, Baba, sikukosei heshima.

Nikishapost nazima simu, msinipigie.

Shangazi, nimechelewa, lakini nimesema. Umeshika vya watu vya kutosha. Nyoosha miguu ulale. Leo hakuna wa kukuita.